Flasha ya Jumwa

Jumatatu, kabla sijafungua hata kopo la grisi,
Jumwa wa Nzai akaleta pikapu yake hapa Maweni,
ile ya kubeba chumvi kutoka Gongoni,
indiketa ya kulia ikipepesa
kama jicho lililoingia mchanga.
Tiktiktiktiktik.
Huo si mwendo wa taa. Ni kwikwi.

"Trafiki wa daraja la Sabaki kaniuliza," akasema,
"mama, unakata kona au unakimbia deni?"
Hakucheka. Mia mbili zilikuwa zimeshamtoka.

Globu zilikuwa mpya, nne, za LED.
Kazinunua kwa Bakathir, nyuma ya soko,
akaambiwa zitakaa miaka kumi
na betri haitajua kama zimewaka.
Hapo ndipo penye kesi:
na flasha nayo haikujua.

Nikaichomoa chini ya dashibodi,
kijisanduku cheusi, miguu miwili,
nikakiweka kiganjani mwake, bado kina joto.
Hiki, nikamwambia, kazi yake ni kuhesabu.
Kinapima umeme unaonywewa kila upande.
Globu zako za zamani zilikuwa na kiu,
ukizigusa unapuliza vidole.
Ikiungua moja, kinywaji kinapungua,
na hiki kinashtuka, kinapiga mbiu mbiombio:
kuna mtu hayupo! kuna mtu hayupo!

Mamangu ndivyo alivyo.
Ukibakisha wali nusu sahani
anakushika paji la uso, anatuma mtoto dukani kwa panadoli.
Globu zako hazijafa, Jumwa.
Zinashiba mapema tu.

Fundi mmoja wa Majengo alikuwa ameshamshauri
atiwe rezista, moja kila upande,
zile umeme bure, zijifanye globu za zamani.
Ni uongo unaofanya kazi, sikatai.
Lakini uongo huo hupata moto wa kukaanga yai,
na nimeshawahi kufungua gari la mtu wa Ganda
nikakuta waya zimelala juu ya rezista
zimeyeyuka kama mshumaa wa jana.

Tukatia flasha mpya, isiyojali nani anakunywa kiasi gani.
Miguu mitatu.
B kwenye betri. L kwenye swichi.
E ardhini.

Ardhini! Uipate wapi ardhi
katika pikapu iliyolala na chumvi miaka kumi na moja?
Kila nilipogusa palibomoka kama kaimati.
Nikakwangua kwa bisibisi, nikakwangua kwa msasa,
kutu ikaniingia puani, shingoni, kwenye chai,
hadi nyuma ya sanduku la fyuzi
nikaona chuma cheupe, upana wa ukucha.
Pahali padogo hivyo, na gari zima linapategemea.
Nikafunga skrubu, nikapapaka grisi kama kidonda.

Washa.
Taa. Giza. Taa. Giza.
Mwendo wa mtu mwenye nafasi.

Jumwa akainamisha sikio kwenye usukani.
"Mbona haisemi?"
Hii haina ulimi, nikamjibu, haigongi chochote ndani.
Akanilipa nusu kwa pesa, nusu kwa chumvi ya mawe.

Saa kumi na moja simu ikalia, yuko Mambrui.
Tangu darajani indiketa ya kulia ilikuwa inawaka,
na lori nyuma yake, na bodaboda mbili, na gari la maji,
wote wamemngoja akate.
"Nimeahidi kona njia nzima, fundi,
na ahadi yenyewe sikuisikia."

Sasa nafunga. Juu ya meza, kwenye betri ya majaribio,
nimeunga ile flasha yake ya zamani
na globu mbili zenye kiu, za enzi zake.
Tik, inasema. Tok.
Wote wapo.
Kesho nitamtafutia Jumwa kipenga cha shilingi hamsini
cha kuunganisha na waya wa taa,
chenye sauti yoyote ile, hata ya nyenje.
Mama ametuma ujumbe: umekula?